Waliopita Ukutani Miguu Juu

Enzi zetu nyumba zilikuwa na giza mchana. Wenzangu mliokulia Mahurunga na vijiji vya kando ya Ruvuma mtanielewa mara moja. Vijana itabidi niwaeleze polepole. Kuta za udongo, kidirisha kimoja cha ubao, na paa la nyasi lililoshuka mpaka ukiingia uiname. Ukitoka juani ukaingia ndani, ulikuwa kipofu kwa muda wa kuhesabu hadi mia. Kwanza ulisikia harufu ya majivu, ya muhogo mkavu na ya mafuta ya nazi, halafu vitu vikaanza kujitokeza kimoja kimoja: mtungi, kinu, macho ya paka. Leo wajukuu zangu wanabonyeza swichi kabla hawajavua viatu, na umeme ukikatika dakika tano wananuna kama wamefiwa.

Tulicheza rede mpaka mpira wa matambara ukafumuka. Tulichimba ming'oko, mizizi ile ya porini, tukaichemsha na chumvi, tukaila huku inatuunguza vidole. Jioni ilikuwa ugali wa muhogo na kisamvu, na hakuna aliyeuliza kama kuna kingine. Lakini kazi iliyotukusanya wasichana kila siku ilikuwa kuteka maji mtoni, na hapo mtoni ndipo tulipojifunza kuogopa.

Ng'ambo ilikuwa nchi nyingine, nchi yenye vita, na upande wetu tulizoea kuinamisha vichwa ndege ikipita. Siyo ndege tuliyoiogopa zaidi, ni mwanamke mmoja. Alikuwa akitwanga peke yake kwenye ukingo wa ng'ambo, mbali hadi hatukuuona uso wake. Mchi wake ukishuka kinuni, kimya. Ukishafika juu, umesimama hewani haujagusa kitu, ndipo kishindo kinatufikia. Alitwanga vile kila siku. Tukakubaliana kwamba amekufa zamani na mwili wake bado unaendelea na kazi, ila sauti imechelewa kumfuata. Tulijaza ndoo zetu bila kumpa mgongo.

Aliyetutoa katika hofu ile ni Mwalimu Paskazia. Alikuwa Mhaya wa Bukoba, mrefu, aliyevaa gauni moja la njano siku tatu za juma, na alitufundisha sayansi darasa la saba. Hakutucheka. Alimpeleka mwenzetu mmoja na debe mwisho wa njia iendayo mashambani, mpaka akawa kama kidole, kisha akampungia apige. Tuliona fimbo ikitua. Ikainuka tena. Ndipo debe likalia. Akatuambia mwanga unafika papo hapo, lakini sauti inakuja kwa miguu, na mto ule ni mpana.

"Yule mama mnamwonea bure," alisema. "Yuko hai na ana watoto wanasubiri uji. Kwanza tazama vizuri, halafu ndiyo uogope."

Neno hilo la mwisho alilisema kila wiki. Nililisikia mara nyingi bila kujua kwamba litanihusu.

Mwaka huohuo, mtama ukishavunwa na shule zimefungwa, niliwekwa ndani. Mliopita huko mnajua, na yaliyofundishwa humo siyasemi. Nitasema ya nje tu: mwali hatoki, haongei kwa sauti, haonekani na mwanamume, na mwanamke asiyechezwa unyago haruhusiwi kukanyaga chumba chake. Nilikaa katika chumba cha pembeni cha bibi yangu, Bi Mwanahawa, mama wa baba. Bibi alikuwa ametoka eda siku chache kabla sijaingia. Babu alifariki mwanzoni mwa mwaka, na katika chumba kile, kwenye ukuta wa upande wa barabara, ulikuwapo msumari mrefu aliotundikia mwavuli wake. Baada ya msiba wanaume walikuja kugawa vitu vyake barazani, na msumari ukang'olewa. Likabaki tundu.

Nawaomba mlitazame tundu hilo pamoja nami, maana kila kitu kilipita humo. Udongo ulikuwa umemomonyoka pande zote mbili, hivyo lilikuwa pana nje na pana ndani, lakini katikati lilibana likapitisha punje moja tu ya mtama. Ukuta uliolikabili bibi alikuwa ameusiriba udongo mweupe kwa ajili yangu. Dirisha lilifungwa, na mlangoni zilitundikwa kanga mbili nzito.

Siku ya tatu asubuhi, jua likiwa limepanda nyuma ya nyumba na kuipiga barabara sawasawa, nilikuwa nimejilaza mkekani nikiuelekea ukuta mweupe. Macho yalishalizoea giza. Nikaona kitu kinatembea ukutani. Kilikuwa na urefu wa mkono, kuanzia kiwiko hadi vidole, na kilikuwa na rangi. Ilikuwa kanga nyekundu, chini yake kichwa, chini ya kichwa ndoo. Alikuwa mwanamke anatembea miguu juu, nyayo zake zikigusa mahali palipokuwa kama dari, na maji ya ndoo hayamwagiki. Alivuka ukuta kimya akaishia kwenye kona. Baadaye akapita mbuzi, miguu juu. Wakapita watoto wawili wanakimbizana, miguu juu, na kicheko chao kilitoka nyuma yangu, siyo kwao.

Sikupiga kelele, mwali hapigi kelele. Nilijifunika kanga mpaka usoni nikahesabu mpaka nikapotea.

Siku ya tano akapita mtu wa kanzu. Alitembea kwa mwendo ninaoujua, bega la kushoto likitangulia, na mkononi alikuwa na mwavuli mweusi wenye kiraka chekundu. Kiraka kile nilikishona mimi. Ulikuwa mwavuli wa babu.

Hapo nikamwambia bibi. Nilitegemea atanicheka, maana mimi na yeye tulikuwa watani, aliniita mke mwenzake na mimi nilimwita bibi harusi asiye na meno. Hakucheka. Asubuhi iliyofuata alikuja mapema, akaketi kando yangu, miguu ameinyoosha. Tukasubiri. Alipopita yule wa kanzu, bibi hakusogea. Alimfuata kwa macho kutoka kona hadi kona, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba wafu ndivyo wanavyotembea, nyayo zao zinatazama juu kwa sababu sisi tuko juu yao. Mume wake anamjia mwali kwa kuwa ana neno, na mwali anayejiwa na marehemu hatoki ndani mpaka marehemu aseme neno lake.

Nilielewa maana yake. Shule ingefunguliwa baada ya siku kumi na moja, na mtihani wa darasa la saba ulikuwa mwaka huohuo. Kabla yangu wasichana watatu wa kijiji chetu waliingia ndani wakiwa wanafunzi, wakatoka wakiwa wachumba wa watu. Babu alikuwa mtu wa maneno machache alipokuwa hai. Nilijiuliza atachukua miezi mingapi kusema sasa.

Tangu hapo bibi hakukosa asubuhi hata moja. Aliacha kazi zake, akaja akaketi. Hakuomba dua, hakuuliza kitu. Alitazama tu, na yule akishapita alikaa kidogo, akaenda zake jikoni. Mara moja nilimwona amejifunga kanga yake mpya.

Alasiri ukuta ulikuwa na jambo jingine. Jua likihamia upande wa barabara liliingia moja kwa moja tunduni, likatupa sakafuni doa la mviringo kama sarafu. Doa lile lilikuwa saa yangu: likifika mguu wa kitanda, bibi analeta uji. Sikuliogopa. Lilikuwa limekamilika na lina joto kidogo ukiweka kiganja.

Basi siku moja, saa kumi hivi, nilitazama doa langu nikaona limemegwa. Upande mmoja haukuwapo, kama kitumbua kilichong'atwa. Nilifikiri kuna mdudu tunduni. Nikapangusa sakafu. Halikupona. Likaendelea kuliwa, polepole, bila sauti, hata likabaki umbo la mtumbwi. Nje mwanga ulikuwa umechujuka. Majogoo waliwika, kisha watu wakaanza kupiga madebe na vinu, na kutoka msikitini nikasikia wanaume wakiitwa kwenye swala isiyokuwa na wakati wake. Bibi akaingia mbio. Akaliona lile umbo sakafuni, akalifunika kwa kiganja. Likapanda juu ya mgongo wa mkono wake, likatulia pale, limemegwa vilevile. Alivuta mkono kama aliyeungua.

Jua lilipopona na doa likarudi kuwa duara, bibi aliniambia kwamba sasa hakuna ubishi. Jua limeliwa angani na limeliwa chumbani mwangu. Sitatoka Jumatatu shule ikifunguliwa.

Kesho yake asubuhi Mwalimu Paskazia alikuja. Kwao kulikuwa mbali mno kwenda likizo, na alikuwa anapita nyumba hadi nyumba kuuliza wasichana wake. Nilimsikia akibisha hodi, shikamoo yake na marahaba ya bibi. Bibi alimweleza kwa heshima kwamba mwanafunzi wake hatarudi. Mwalimu akataja mtihani. Bibi akataja marehemu, waliotembea miguu juu, na jua lililoliwa sakafuni.

Nikasikia mwalimu anauliza, taratibu, kama anavyouliza mtu bei ya samaki:

"Bibi, hao watu huja saa ngapi?"

"Asubuhi, jua likiwa kali."

"Siku ya mawingu?"

"Hawaji."

"Dirisha likifunguliwa?"

"Wanakimbia."

"Naomba niingie nione."

"Umechezwa wewe?"

"Kwetu hatuna unyago, bibi."

"Basi utabaki nje, mwanangu," bibi alisema, wala hakukasirika.

Mwalimu hakubishana. Alimwomba bibi aingie yeye, awe macho yake, na yeye mwenyewe atasimama barabarani. Bibi aliingia, akaketi mahali pake pa kila siku. Tukasubiri. Ukutani likatokea gauni la njano. Lilikuwa refu, miguu juu, mkono mmoja umenyooshwa kuelekea sakafuni. Nilijua kwamba huko nje mkono ule umeinuliwa mbinguni, lakini nilivuta kanga mpaka kidevuni.

Bibi akapaza sauti: "Mwalimu, umeingia."

"Sijaingia, bibi. Niko barabarani."

"Umeingia, nakuona. Miguu iko darini. Umeingia kwa mwali hujachezwa, utatoa kuku."

Mwalimu alicheka, na yule wa ukutani akatikisika. "Kuku nitatoa," akasema. "Lakini maiti hatozwi faini, bibi. Kama mimi wa hapo ukutani ni mzima, na hao wengine je?"

Nilimwona bibi akilizungusha lile swali kichwani, na nililiona likimfikisha mahali pabaya zaidi. Akatoka haraka mpaka barazani. Kama hao ni watu wa kijijini walio hai, alisema, basi kila mwanamume aliyepita barabarani ameingia chumba cha mwali wake, na kazi yote imeharibika, na itabidi nianze upya.

Tazameni jinsi maarifa yalivyokaribia kunifunga zaidi ya hofu. Mwalimu alilijibu jambo hilo kwa uzito wote uliostahili. Alimwambia kwamba wanaume wale hawakuniona. Kilichoingia ni mwanga uliotoka kwao. Macho yao yalibaki usoni mwao. Kisha akachukua kijiti, akachora mchangani. Nami nitawachorea kwa maneno, kama nilivyowachorea wanafunzi wangu miaka yote niliyofundisha fizikia.

Mwanga hutembea mstari ulionyooka, haujui kukunja kona. Mtu akisimama juani, kila sehemu ya mwili wake inarusha mwanga pande zote. Mwanga unaotoka kichwani ukitaka kupita kwenye tundu dogo, hauna budi kushuka, na kwa kuwa haukunji, unaendelea kushuka mpaka unatua chini ukutani. Unaotoka miguuni unapanda, unapita, unaendelea kupanda, unatua juu. Mwanga wa kichwa na wa miguu unapishana tunduni kama watu wawili mlangoni. Hivyo mtu anageuka. Dirisha likifunguliwa mwanga mwingi unaingia na kuifuta picha, ndiyo maana walikimbia. Na lile doa la alasiri halikuwa na umbo la tundu. Lilikuwa picha ya jua lenyewe, jua zima limelala sakafuni, na siku ile mwezi ulipopita mbele ya jua na kulifunika nusu, picha nayo ikafunikwa nusu. Nililitazama jua likipatwa bila kuumia macho, na sikujua kwamba nina bahati kuliko kijiji kizima.

Bibi alitazama michoro. Kisha akasema atapima mwenyewe. Alimwambia mwalimu ageuke, atazame shambani. Akaenda barabarani, na mimi peke yangu chumbani nikabaki na ukuta.

Akatokea. Mzee mdogo, kanga ya bluu, kichwa chini. Alitazama kulia na kushoto. Halafu akaikaza kanga kiunoni akacheza. Alicheza ile hatua ya kuinua kisigino, ambayo wanaume hawaionyeshwi, hatua tatu mbele na mzunguko mmoja, juani, katikati ya barabara, vumbi likimpanda miguuni na ukutani likimdondokea kutoka juu. Sikuwahi kumwona akicheza tangu babu afe.

Alirudi akihema. "Nimefanya nini?"

"Umecheza, bibi. Ile ya kisigino."

Akaketi mkekani. Saa ile ilikuwa saa yake, na kweli, wakati bado tumekaa, akapita mtu wa kanzu na mwavuli wenye kiraka. Bibi alimsindikiza kwa macho mpaka kona.

"Mwavuli ule nilimpa shemeji yangu kwa mkono wangu," alisema. "Amepata shamba huku, anapita kila asubuhi. Nilijua, Somoe. Lakini akipita hapo, alikuwa yeye."

Shemeji yake ni mdogo wa babu, tuliyemwita Babu Mdogo. Ndugu wale walitembea namna moja. Mimi nilikuwa mtoto, sikuambiwa nani kapewa nini. Bibi alijua kila kitu. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba mtu aliyehitaji nisitoke ndani alikuwa na sababu yake, na sababu hiyo ilivaa kanzu.

Mwalimu bado alikuwa akisubiri nje. Mwishowe bibi akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba Jumapili nitaogeshwa na Jumatatu nitakwenda shule, na kuku asisahaulike.

Kuku aliletwa, tena wa kienyeji mwenye mafuta. Nilitolewa kwa ngoma, nikarudi darasani, nikafanya mtihani, na huo ndio mwanzo wa mimi kuwa mwalimu. Asubuhi ya Jumatatu ile, kabla sijatoka, nilimwuliza bibi kama nimletee udongo azibe tundu.

"Liache," alisema. "Linaleta hewa."

Tundu la punje ya mtama. Sikubisha. Niliporudi mchana niliona mkeka umetandikwa palepale.

Wiki chache baadaye nilikutana na Babu Mdogo njiani, nikamweleza. Nilikuwa mtoto, nilidhani ni hadithi ya kuchekesha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: jua huwa zuri saa ngapi. Nikamwambia.

Tangu siku hiyo nilimwona kwa macho yangu nikienda shule. Akikaribia nyumba yetu aliweka kanzu vizuri, akaukunjua mwavuli hata kama hakuna haja, akapita mbele ya ule ukuta polepole, kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa. Hakubisha hodi na hakutazama upande wa nyumba. Shamba lake lilipoisha kazi, aliendelea kupita. Hawakuwahi kulizungumza, yeye na bibi, na mimi sikusema tena. Nilipita pale nikijua kwamba ndani kuna mtu anatazama na nje kuna mtu anatazamwa, na kati yao kuna tundu lisilotosha kidole.

Ikaendelea hivyo mpaka tulipohamishiwa kijiji kipya. Nyumba za huko zilipangwa mstari, madirisha mapana, mwanga mwingi. Kila mtu alisifu. Bibi alipewa chumba cheupe kizuri, na asubuhi nilimkuta ameketi, miguu ameinyoosha, ameuelekea ukuta uliojaa jua. Hakukuwa na kitu juu yake.

Sina picha ya bibi hata moja. Enzi zetu mpiga picha alikuwa mjini, na bibi hakupenda mji. Ninayo ile moja tu, anacheza kichwa chini, vumbi linamdondokea. Wajukuu zangu wana picha elfu katika simu, wamejipiga wakila chipsi, wamejipiga wakilala, zote zimesimama wima na hakuna anayezitazama mara mbili. Nikiwaambia tuzime taa tukae gizani niwaonyeshe jambo, wanauliza kama lipo kwenye simu.

Kwa hiyo nafanya peke yangu. Wakienda shule, hapa nyumbani kwangu Magomeni, nafunika dirisha la chumba kwa karatasi nyeusi, natoboa kwa msumari, naketi. Ninahesabu hadi mia. Halafu wanaanza kupita ukutani: bodaboda, mama wa maandazi, malori ya korosho yanayokwenda bandarini, matairi juu. Ninajua kila mstari wa mwanga unatoka wapi na unatua wapi. Naweza kuwachorea. Hata hivyo nawatazama mmoja mmoja mpaka kona.

Hakuna anayepunguza mwendo.